Kitongoji safi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mhudumu wa afya na kamati yake

Mwongozo huu ni wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu wa afya shuleni, au mwanakamati yeyote aliyesikia kwenye mkutano kwamba "kijiji lazima kiwe safi" kisha akaachiwa kazi peke yake. Nimeuandika nikifikiria kitongoji cha kaya hamsini hivi, Tanzania bara, mahali maji yanapochotwa kwenye kisima cha pampu au kwenye bomba la pamoja.

Nasema kitongoji, sisemi kijiji, kwa makusudi. Mkutano wa kijiji hujaa, hotuba hutolewa, makofi hupigwa, na kesho yake hakuna aliyegusa jembe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifika mbali kwa sababu watu walikaa kwenye vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, wakajadiliana, wakakubaliana la kufanya, wakaenda kulifanya. Washiriki walikaribia milioni 2. Redio ilisaidia, lakini hadi leo naamini udogo wa vikundi ndio uliochimba vyoo.

Hatua ya 1: Pita nyumba hadi nyumba kabla ya kuitisha kikao

Chukua daftari, mwombe balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti aandamane nawe, mpite asubuhi watu wasijaenda shamba. Usiulize "mna choo?" Jibu lake ni "tunacho", popote uendapo. Piga hodi, kaa, ulizia mvua na mifugo, kisha omba maji.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, karibu kiti."
"Asante. Naomba maji ya kunywa mama, jua limeshaanza."

Tazama maji yanavyokufikia. Yametoka kwenye chombo chenye mfuniko? Yamechotwa kwa kata yenye mpini, au kikombe kimezamishwa pamoja na vidole? (Ukijikuta unasita kuyanywa, umeshapata jibu la kuandika.) Baadaye omba kwenda msalani. Choo kinachotumika kina njia iliyokanyagwa mpaka mlangoni. Kile kilichochimbwa ili bwana afya akute kitu kina majani kizingitini, utando wa buibui juu ya tundu, na mara nyingine kuku ametagia ndani.

Kwa kila kaya andika mambo matano tu: choo kipo na kinatumika, tundu lina mfuniko, pa kunawia pana maji na sabuni wakati huo ulipofika, maji ya kunywa yamefunikwa, kinyesi cha mtoto mdogo kinatupwa wapi. Hilo la tano husahauliwa na kamati nyingi. Watu wengi huamini kinyesi cha mtoto anayenyonya hakina neno, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa au hutupwa nyuma ya nyumba. Kina vijidudu kama cha mtu mzima, na kwa kuwa watoto ndio wanaoharisha zaidi, mara nyingi ni hatari kuliko cha mtu mzima. Kitiwe chooni.

Siku hiyo usihubiri. Andika, shukuru, endelea.

Hatua ya 2: Kikao chini ya mti, na ramani ya majivu

Itisheni kikao cha kitongoji mahali pa wazi penye kivuli. Chora ramani ardhini: njia kwa majivu, nyumba kwa majani, visima na mito kwa mawe. Kila mtu asimame kwenye nyumba yake. Kisha kila mmoja achukue konzi ya pumba amwage pale watu wa kaya yake wanapojisaidia, si mchana tu. Uliza: usiku je? Mvua ikinyesha? Mkiwa shamba? Watoto? Ramani itajaa pumba mahali ambapo hakuna aliyetegemea. Hapo uliza swali moja: maji ya mvua yanatoka wapi, yanaelekea wapi? Waache wenyewe wafuate mkondo kwa kidole hadi kisimani.

Njia hii ya kuwafanya watu wajionee ilianzishwa na Kamal Kar kule Bangladesh kuelekea mwaka 2000, ikaenea nchi nyingi za Afrika. Ina kipengele kingine kinachokumbukwa kuliko hotuba yoyote. Mpe mtu glasi ya maji safi, anywe. Ng'oa unywele mmoja, ugusishe kwenye kinyesi kilichookotwa jirani, uchovye kwenye glasi hiyohiyo, umkaribishe tena. Hatakunywa. Uliza nzi ana miguu mingapi, na kama ni minene au myembamba kuliko unywele. Kisha nyamaza.

Nina tahadhari moja. Aibu inafanya kazi, lakini hukata pande zote mbili. Usitaje kaya kwa jina, usimsimamishe bibi mjane mbele ya wajukuu zake. Asiye na choo mara nyingi ni mzee, mgonjwa, au mama aliyeachwa na watoto wadogo. Hajakataa, hana nguvu za kuchimba. Na hapa ndipo kitongoji kielewe hesabu yake: kaya moja inayojisaidia porini inalisha nzi wa kaya zote hamsini. Kumchimbia bibi ni kujilinda. Kabla watu hawajatawanyika, pangeni siku ya msaragambo na vijana watakaokuja na sururu.

Hatua ya 3: Choo kisichodidimia na kisichonuka

Hapa nitakaa kidogo, maana vyoo vingi huanguka masika ya kwanza na mwenye nyumba hukata tamaa kabisa.

Mahali. Angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo ibaki mita 2 juu ya kina cha maji ya ardhini. Chungulia kisima cha jirani wakati wa masika ujue maji yanapanda mpaka wapi. Kisiwe mbali mno na nyumba, kwani mama au binti anayeogopa giza hatakwenda.

Ukubwa. Mtu mmoja hujaza takriban mita za ujazo 0.05 kwa mwaka. Familia ya watu sita hujaza 0.3. Shimo la upana wa mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 3 lina mita za ujazo 3. Ukiacha nusu mita ya juu bila kujazwa, unabaki na 2.5. Gawa kwa 0.3, unapata miaka minane. Mwoneshe baba mwenye nyumba hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, atakubali kuchimba kina cha kutosha badala ya kuchimba upya kila baada ya miaka miwili.

Umbo. Shimo la mviringo hustahimili kuliko la pembe nne. Udongo ukiwa wa kichanga, jengea kuta angalau mita ya kwanza ya juu kwa mawe au matofali ya kuchoma, au zamisha pipa lililotolewa vifuniko pande zote mbili. Inua mdomo wa shimo juu ya usawa wa ardhi, uzungushie tuta, maji ya mvua yasiingie.

Sakafu. Miti na udongo hutosha kuanzia, ila udongo wenye unyevu haupigiki deki, na mayai ya safura huanguliwa humo yakisubiri miguu mitupu. Dawa yake ni kisahani kidogo cha zege cha sentimita 60 kwa 60, unene wa 5, kinachowekwa juu ya sakafu hiyohiyo ya miti kuzunguka tundu. Mbinu hii ilikuzwa Msumbiji na Björn Brandberg kuanzia mwaka 1979, na uzuri wake ni bei: mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa visahani vitano au sita, kwa hiyo kaya tano zichangie mfuko mmoja. Changanya saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3. Kwa kalibu ya tundu, chonga kipande cha mgomba: tundu liwe refu, lakini upana usizidi sentimita 18 ili mtoto asitumbukie. Zege likishika, toa mgomba, tandika karatasi kwenye kuta za tundu, mimina zege ndani yake na uchomeke waya wa kushikia. Huo ndio mfuniko, utakaa sawasawa kwa sababu umezaliwa ndani ya tundu lake. Funika kazi yote kwa magunia, uyamwagilie siku saba. Anayeharakisha siku ya tatu atapasua.

Bomba la hewa. Likiwekwa vizuri huondoa harufu na kunasa nzi: upepo ukipita juu yake huvuta hewa ya shimoni, nao nzi hufuata mwanga wa juu ya bomba. Choo cha namna hii kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, kazi ya Peter Morgan. Masharti ni matatu. Bomba lipite paa kwa nusu mita, lifungwe wavu juu, na chumba kiwe na giza. Wengi huweka bomba bila wavu. Hilo ni bomba la kutokea nzi. Tena kwenye choo cha bomba tundu haliwekwi mfuniko wa kubana, hewa ishuke. Kwa choo cha kawaida, mfuniko ni lazima. Chagueni mojawapo.

Mwaga majivu kila siku. Usitupe nepi, nailoni, wala dawa za kuulia vijidudu shimoni. Dawa huua wadudu wanaoozesha uchafu na shimo hujaa upesi. Shimo likibakiza nusu mita kujaa, jaza udongo, panda mgomba au mpapai, hamia shimo jipya.

Hatua ya 4: Kibuyu chirizi, chombo cha kunawia mikono

Tafuta dumu la lita 5 lenye mkono. Pasha msumari moto, toboa tundu moja ubavuni, sentimita 12 hivi chini ya kizibo. Toboa kizibo pia, pitisha kamba, ifunge kwa ndani kwenye kijiti kidogo isichomoke. Simika miti miwili yenye panda, izame nusu mita, laza fito juu yake, na kwenye fito hiyo tundika dumu kwa mkono wake. Ncha ya chini ya kamba funga kwenye kijiti cha kukanyagia, sentimita 15 juu ya ardhi. Jaza maji mpaka karibu na tundu. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, na mikono haigusi kitu. Tandaza kokoto chini kuzuia tope. Pakiwa na tope hakuna atakayerudi.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mahali. Tundu likitobolewa chini sana, dumu huvuja usiku kucha. Sabuni ikitundikwa peupe, kunguru huiiba au mbuzi huila. Kwa hiyo weka maji ya sabuni: vijiko viwili au vitatu vya unga wa sabuni kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kizibo. Kusiko na sabuni kabisa, majivu makavu yanasugua vizuri. Kazi ya kujaza dumu apewe mtoto mmoja kwa jina, la sivyo litakauka wiki ya pili.

Liwepo moja karibu na choo na jingine karibu na jiko. Na tubadilishe desturi moja ya mezani: bakuli moja la maji likizungushwa kwa wageni, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Kijana awamwagie wazee kwa jagi juu ya beseni, kila mtu apate maji yanayotiririka. Heshima haipungui, inazidi.

Hatua ya 5: Maji, kutoka chanzo hadi kinywani

Maji yanaweza kutoka kisimani yakiwa salama yakachafukia njiani. Osheni madumu kwa kokoto ndogo na sabuni, mtikise, msuuze. Nyumbani yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye koki.

Kuyatibu, chagueni njia ambayo mtaimudu kila siku. Kuchemsha kunatosha yakitokota dakika 1. Kwenye miinuko inayozidi mita 2000, dakika 3. Tatizo ni kuni. Vidonge vya klorini ni rahisi zaidi: kuna vya ndoo ya lita 20, lakini soma pakiti kwani ujazo hutofautiana, na subiri dakika 30. Asiye na kidonge wala kuni ajaze maji maangavu kwenye chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ailaze juu ya bati saa sita juani. Kukiwa na mawingu, siku mbili mfululizo.

Maji ya tope yatulizwe kwanza. Mbegu za mlonge zilizotwangwa, moja au mbili kwa lita kwa tope zito, hukusanya uchafu ukazama. Haziui vijidudu vyote, kwa hiyo maji bado yatibiwe. Wanaochota ziwani au mtoni wakati wa kipindupindu wachuje kwa kitambaa kikuukuu cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Utafiti wa vijijini Bangladesh uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kuchuja kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa kuwa vimelea hung'ang'ania viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa hunasa. Khanga iliyochakaa inafaa kuliko mpya, nyuzi zake zimejaa.

Kisimani: zege kuzunguka pampu, mfereji wa kupeleka maji yanayomwagika mbali, uzio, na mahali pa kunyweshea mifugo kando kabisa. Kubwa kuliko yote ni mfuko wa matengenezo. Chini ya sheria ya maji ya mwaka 2019 usimamizi wa maji vijijini uko RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), na ngazi ya jamii kuna jumuiya ya watoa huduma ya maji (CBWSO). Ulizeni jumuiya yenu maswali mawili tu: salio ni shilingi ngapi, na mpira wa pampu ukichakaa fundi ni nani. Jumuiya isiyoweza kujibu hapohapo itawarudisha kwenye dimbwi.

Hatua ya 6: Mambo ya eneo lenu

Hapa msinakili kijiji cha jirani. Kwenye ukame kama Kongwa, Dodoma, tatizo la miaka mingi ni trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha. Nzi wanaobeba ugonjwa huo hupenda kutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilicho wazi ardhini, kwa hiyo choo na uso wa mtoto ulionawishwa kila asubuhi ni kazi moja. Wafugaji wa nguruwe, kama Mbulu na Mbeya, wafungie nguruwe bandani: akila kinyesi cha mtu mwenye tegu hubeba lava wa mnyoo huo kwenye nyama yake, na mtu akimeza mayai ya tegu yatokayo kwenye kinyesi hicho, lava huweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Pembezoni mwa Ziwa Victoria, hakikisheni watoto wanapata dawa za kichocho zinapotolewa shuleni.

Shuleni penyewe, kipimo cha Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Choo cha wasichana kiwe na komeo la ndani, maji, na pa kutupia taulo za hedhi. Binti asiye na hayo hukaa nyumbani siku zake.

Hatua ya 7: Sheria ndogo na daftari

Faini ina mahali pake, lakini iwe ya mwisho, baada ya msaada. Sheria ndogo ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Bila hayo haina nguvu. Wanaoanza na faini hupata vyoo vya buibui nilivyovieleza juu.

Rudini na daftari lilelile kila baada ya miezi mitatu, mpite nyumba zilezile. Bandikeni matokeo ya kitongoji kizima, si ya kaya mojamoja. Vitongoji hupenda kushindana. Kaya zikishindanishwa hugombana.

Hatua ya 8: Mtu akiharisha

Msisubiri. Mpeni maji ya kutosha mara moja. Pakiti ya chumvichumvi ya kunywa (ORS) ni bora. Isipokuwepo, lita 1 ya maji yaliyotibiwa, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Onja kabla ya kumpa: yasizidi machozi kwa chumvi. Mtoto anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko, akitapika ngoja dakika kumi uendelee. Kunyonyesha na chakula visisimame. Zahanati itatoa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalizwe hata kuhara kukikoma.

Macho yakibonyea, ngozi ikifinywa isirudi upesi, damu ikionekana, au akishindwa kunywa, apelekwe zahanati huku akinyweshwa njiani. Akiharisha majimaji meupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele, fikirieni kipindupindu hata kama ni mtu mmoja. Mwambieni mganga wa zahanati na mtendaji wa kijiji saa hiyohiyo, au pigeni 199 bila malipo. Akifariki, mwili uandaliwe na wahudumu wa afya, na msiba usipikiwe chakula cha pamoja. Kisimani awekwe mtu wa zamu anayetia klorini kwenye kila ndoo inayoondoka, asubuhi na jioni, mpaka wataalamu watakaposema inatosha.